Manyunyu, upepo na suruali ya jinzi: kisa cha kundi moja kwenye Mlima Rungwe wakati wa kipupwe

Usuli

Kisa hiki kilitokea mwishoni mwa Julai kwenye Mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Majina ya watu, kijiji walikoanzia safari, kazi zao na mwaka nimeviondoa. Mfuatano wa mambo nimeupata kwa kuzungumza na watu watano kati ya wanane wa kundi lile, pamoja na mzee aliyewaongoza. Wote waliridhia kiandikwe, kiwafae wale wanaopeleka watu milimani huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: walimu, viongozi wa kwaya, marafiki wanaochangishana nauli ya kosta wakapande mlima Jumamosi.

Rungwe ni volkano iliyolala, na kilele chake kiko karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Tangu 2009 msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukitoka mashambani unaingia kwenye msitu mnene, unapita ukanda wa mianzi, kisha unatokeza juu kwenye majani na vichaka vifupi ambako hakuna kitu cha kukukinga na upepo. Miteremko ya kusini ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Masika yakiisha, mlima haukauki. Kusi inapovuma kutoka upande wa Ziwa Nyasa hupanda mteremko, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na manyunyu, hata siku ambayo Mbeya mjini watu wanaota jua.

Kundi, na mtu aliyejua baridi

Walikuwa wanane, wanaume watano na wanawake watatu, umri kati ya miaka 24 na 45. Walichukua mwenyeji wa kuwaongoza, mzee wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kuwabebea mizigo watafiti wa kipunji, yule nyani adimu wa Rungwe na Kitulo aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Mzee alikuja na kijana wake. Jumla watu kumi.

Mwenye safari nitamwita Kiongozi. Huyu alisoma Kanada kwa miaka kadhaa na huko alizoea kutembea milimani katikati ya majira ya baridi, akivaa viatu vya theluji: fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili uzito wa mtu utawanyike na mguu usizame kwenye theluji laini. Alifundishwa vizuri. Alijua kupanga saa ya kugeuka kabla ya kuondoka nyumbani. Alijua kwamba jasho ni adui, kwamba mtu avae nguo nyepesi kadhaa, avue anapopanda na avae anaposimama. Alijua kubeba chupa ya chai ya moto na nguo moja kavu isiyoguswa. Ni watu wachache sana wanaopanda Rungwe wakiwa na maarifa hayo, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kufundishia: sehemu ya maarifa yake ndiyo iliyookoa maisha, na sehemu nyingine ndiyo iliyoliingiza kundi kwenye hatari.

Mavazi yao yalikuwa ya kawaida yetu. Watano walivaa suruali za jinzi. Raba, fulana za pamba, sweta zenye kofia. Wawili walikuwa na makoti ya mvua ya plastiki. Kiongozi pekee alikuwa na jaketi lisilopitisha maji. Dada mmoja, mwembamba, ndiye atakayekuwa mgonjwa wetu, nitamwita Dada. Asubuhi ile alikunywa chai na kipande cha mkate ndani ya gari, basi.

Yaliyotokea

Walipanga kuanza kutembea saa 1 asubuhi na kugeuka saa 7 mchana, popote watakapokuwa. Kosta ilichelewa, mafuta yakajazwa njiani, vibali vikasubiriwa. Walianza kupanda saa 3 na robo. Chini kulikuwa na jua dogo na kila mtu alikuwa na furaha.

Msituni walipata joto. Kiongozi akawaagiza wavue sweta na majaketi wayaweke kwenye mabegi wasije wakalowa jasho. Walipoingia kwenye mianzi yapata saa 6, ukungu ulikuwa umeshuka. Haikunyesha mvua ya kusema mvua, bali manyunyu, na kila mwanzi waliougusa uliwamwagia maji ya mabegani. Majani ya njiani yalilowesha suruali hadi mapajani. Mabegi mengi yalikuwa ya shule, ya kitambaa, nayo yakalowa pamoja na nguo zilizokuwa ndani.

Saa 7 iliwakuta wakimalizia mianzi. Ndiyo ilikuwa saa ya kugeuka. Wawili walitaka kurudi. Wengine walisema kilele kiko pale tu, wasafiri umbali wote huu halafu warudi kwa nini. Kiongozi alisogeza saa ya kugeuka hadi saa 8 na nusu. Hoja yake ilikuwa kwamba wamechelewa kuanza, hivyo ratiba yote isogee mbele.

Saa 8 kasoro dakika 20 walikuwa kwenye mgongo wa mlima, upepo ukivuma moja kwa moja usoni. Wanne walikuwa wamechoka. Ikakubaliwa kundi ligawanyike: Kiongozi na watatu wengine waende kileleni haraka na Mzee, maana katika ukungu ule ni yeye tu aliyeijua njia; Dada na wengine watatu wabaki na kijana, wasubiri nusu saa. Begi la Mzee, lenye turubai na blanketi, likaenda kileleni pamoja na Mzee.

Nusu saa ikawa saa moja na robo. Waliobaki walikaa chini nyuma ya kichaka, juu ya majani yaliyolowa. Walitetemeka, wakaimba, wakanyamaza. Kijana anasema alimwona Dada akihangaika na zipu ya sweta lake muda mrefu, kisha akaiacha wazi. Walipomuuliza alijibu, "Niko sawa." Jibu hilo alilitoa mara nyingi mchana ule.

Waliotoka kileleni walirudi saa 9 kasoro dakika tano na kundi likaanza kushuka. Dada alikuwa nyuma. Aliteleza mara ya kwanza, akainuka akicheka. Aliteleza tena na tena. Aliangusha chupa yake ya maji akaipita kama si yake. Maneno yake yalianza kuvutika. Kiongozi aliona ni uchovu na akamhimiza aongeze mwendo apate joto, na aliyesema hivyo hakuwa mzembe: mtu aliyepoa kidogo tu kweli hupata joto akitembea.

Mzee ndiye aliyesimama. Ilikuwa saa 10 na dakika 10, tayari wako ndani ya mianzi. Alimshika Dada mkono, akamwuliza jina la mama yake, akasubiri. Dada alimtazama tu.

"Mwanangu," Mzee akamwambia Kiongozi, "huyu binti hatumpeleki hivi. Tukae hapa."

"Mzee, giza linakuja."

"Linakuja. Lakini hata akitembea sasa hafiki."

Uamuzi wa kusimama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uamuzi huu ndio kisa chenyewe.

Mbele yao kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuendelea kushuka haraka: njia ya zaidi ya saa mbili kwa mtu mzima wa afya, utelezi mtupu, na mgonjwa asiyejua anakanyaga wapi. Ya pili, kumbeba: hawakuwa na machela, na kumbeba mtu mgongoni kwenye mteremko ule kungewachosha wabebaji huku mgonjwa akiendelea kupoa, amelowa, hafanyi kazi yoyote ya kumpa joto. Ya tatu, kusimama pale kwenye mianzi ambako upepo ulikuwa umekatika, kumkausha na kumpa joto kwanza. Simu zilikuwa hazishiki mtandao. Ulishika juu kwenye mgongo wa mlima, na hakuna aliyetaka kurudi huko.

Walichagua ya tatu, na mara tu ilipochaguliwa Kiongozi aliacha kubishana na kuanza kufanya alichofundishwa. Turubai ya Mzee ilifungwa kwenye mianzi upande upepo unakotoka na kukunjwa juu. Chini yake yalikusanywa majani makavu ya mianzi yaliyoanguka, rundo la kutosha kuzuia baridi ya ardhi, na mabegi matupu yakatandikwa juu. Wanawake wawili walimvua Dada suruali ya jinzi na fulana, wakamvika sweta la sufu ambalo Kiongozi alikuwa amelifunga ndani ya mfuko wa nailoni tangu asubuhi bila kulivaa. Khanga kavu mbili zilimzungushwa kiunoni na miguuni, sufuria ya chapati ikafunguliwa na kitambaa chake kikamfunika kichwa, halafu blanketi. Hao wanawake wawili wakajilaza kila mmoja upande wake, wakamkumbatia ndani ya blanketi hilo. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza bila kukohoa, alipewa chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, kisha biskuti na ndizi mbivu.

Mambo mawili yalikataliwa. Mmoja wa kundi alikuwa na kichupa cha pombe kali na alitaka kumpa anywe "achangamke". Kiongozi alikataa, na alikuwa sahihi kabisa: pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajisikia joto huku joto la ndani likikimbilia nje. Mwingine alianza kumsugua mikono na miguu kwa nguvu. Hilo nalo likazuiwa. Damu ya mikononi na miguuni inakuwa ndiyo baridi kuliko yote, na mwili umeizuia huko kwa kusudi. Mtu aliyepoa sana akisuguliwa au kutikiswa ovyo moyo wake unaweza kuyumba.

Jaribio la kuwasha moto lilishindwa. Kila kitu kilikuwa kimelowa, na dakika kama 20 za watu wawili zilipotea hapo.

Saa 10 na dakika 40 Kiongozi aliwatuma watatu wenye nguvu zaidi washuke na kijana kabla ya giza, na tochi moja kati ya tatu zilizokuwepo. Kazi yao ilikuwa kufika kijijini, kuomba watu, mablanketi na uji, na kuliweka gari tayari.

Baada ya dakika ishirini hivi Dada alianza kutetemeka upya, kwa nguvu, meno yakigongana. Waliokuwa naye waliogopa, wakadhani anazidiwa. Ilikuwa dalili njema. Kutetemeka kwake kulikuwa kumefifia tangu mgongoni, na sasa mwili ulikuwa umepata chakula na nafasi ya kujitengenezea joto. Saa 12 kasoro dakika 20 aliuliza viatu vyake viko wapi na alitaja jina la mama yake. Dakika kumi baadaye walianza kushuka polepole, yeye katikati, Mzee mbele na tochi, Kiongozi nyuma na nyingine.

Matokeo

Saa 1 na nusu usiku walikutana na wanakijiji sita wakipanda na mablanketi, uji wa moto na taa. Walifika barabarani yapata saa 3 kasoro robo. Dada alipelekwa kituo cha afya, akalazwa usiku ule na kuruhusiwa kesho yake. Mwanamume mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Hakuna aliyepata madhara ya kudumu.

Kipimajoto cha kwanza alichowekewa Dada hakikusoma chochote, na muuguzi alidhani ni kibovu. Vipimajoto vingi vya zebaki vimetengenezwa kwa ajili ya homa, na alama zake huanzia nyuzi 35. Haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka, huanzia hapohapo kushuka chini. Kwa hiyo kipimajoto "kilichokataa" kwa mtu aliyetoka kwenye baridi ni taarifa tosha.

Uchambuzi: baridi kavu na baridi ya maji

Kosa ambalo wote tunaelekea kulifanya ni kuipima hatari kwa nyuzi za joto. Siku ile juu mgongoni huenda kulikuwa na nyuzi 6 hadi 8. Nimekisia hivyo kutokana na hali ya hewa kule chini na kanuni kwamba ndani ya ukungu joto hushuka kiasi cha nusu nyuzi au zaidi kidogo kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa mtu aliyetembea Kanada penye nyuzi 10 chini ya sifuri, hizo ni nyuzi za kuchezea.

Lakini theluji ya baridi kali ni kavu. Inakung'utwa begani kama unga, na nguo chini yake inabaki inafanya kazi. Manyunyu ya nyuzi 7 yanaingia kwenye uzi. Nguo hutukinga kwa ile hewa tulivu iliyonaswa ndani yake, na maji yakichukua nafasi ya hewa hiyo, joto hupita kwa wepesi wa zaidi ya mara 20. Halafu upepo unakuja kuyakausha maji hayo, na kila lita moja inayokaukia mwilini huondoka na joto la karibu kilokalori 580. Dada, aliyekuwa na kipande cha mkate tumboni, hakuwa na akiba ya kulipa deni hilo.

Ndiyo maana agizo la kuvua ili mtu asitoe jasho, ambalo ni sahihi kwenye theluji, halikufaa kwenye mianzi ya Rungwe. Kule unyevu unatoka mwilini tu. Huku unatoka mwilini, juu, na kwenye kila jani. Kilichotakiwa ni kuvaa plastiki juu kabla ya kuingia mianzini, hata kama jasho litatoka, na nguo za akiba zifungwe kwenye mifuko ya nailoni. Ukiacha zile khanga mbili, sweta moja lililofungwa hivyo ndilo lililokuwa kavu kati ya nguo za watu wanane.

Pamba ikilowa haisaidii kitu, na jinzi ni pamba nzito inayochelewa kukauka. Sufu ikilowa bado inabakiza sehemu ya joto lake. Sweta za sufu za mitumba zipo tele sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, na nguo nyepesi za poliesta za michezo pia, kwa bei ambayo mwalimu au mwanafunzi anaimudu. Sioni sababu ya mtu kupanda Rungwe mwezi wa saba na jinzi.

Saa ya kugeuka, na kugawanyika

Saa ya kugeuka haifuati saa ya kuanza, inafuata jua. Julai huku jua huzama kama saa 12 na dakika 40 jioni, nalo halikuchelewa kwa sababu kosta ilichelewa. Kiongozi alilijua hilo. Alisogeza saa kwa sababu ya nyuso za watu waliolipa nauli, na hilo ni shinikizo la kweli ambalo kila anayeongoza kundi atakutana nalo. Dawa yake ni kuwatangazia wote chini, kabla ya hatua ya kwanza, wakati hakuna aliyechoka wala kukiona kilele.

Kugawanyika kuliumiza zaidi ya kuchelewa. Waliopanda walikuwa wanatembea, wana joto. Waliobaki walikuwa wamekaa, wamelowa, penye upepo, na kila kitu cha kuwakinga kilikuwa kimeondoka na Mzee. Kama ilikuwa lazima wagawanyike, waliobaki walipaswa kurudishwa mara moja hadi kwenye mianzi, dakika chache chini, wakae na turubai, wale. Kijana aliliwaza hilo, lakini hakuona kama ana mamlaka ya kuwaamuru wakubwa zake. Hapo ndipo heshima yetu inapohitaji msaada wa kiongozi: angemwambia kijana mbele ya wote, "Wewe ndiye mkubwa hapa mpaka turudi," kijana angewashusha.

Na ile "niko sawa." Baridi huanza kuchukua akili kabla haijachukua miguu. Mtu anayepoa hana tena kipimo cha kujua hali yake, kwa hiyo kumwuliza anajisikiaje ni kuuliza mahali ambapo jibu limeshaharibika. Mzee hakuuliza hivyo. Aliuliza kitu ambacho jibu lake lazima lijulikane. Zipu iliyoachwa wazi, chupa iliyopitwa, kujikwaa, kuropoka au kunyamaza ghafla: hivyo vinaonwa na wenzake, na wenzake ndio wanaopaswa kuamua kwa niaba yake.

Kushuka kwa miguu

Limebaki jambo moja ambalo nimebishana nalo na watu wa kundi. Je, ilikuwa sahihi kumtembeza Dada saa 12 kasoro? Mtu aliyefikia kuchanganyikiwa na kutetemeka kwake kukafifia anatakiwa kubebwa amelala, kwa upole, kwa sababu kutembea kunairudisha damu baridi ya miguuni kwenye moyo. Wao walisubiri zaidi ya saa moja na nusu, akala, akatetemeka vizuri, akazungumza sawasawa, na hata hapo walimshusha taratibu huku wakijua watu wanapanda kuwapokea. Kwa hali aliyokuwa nayo wakati huo ninaona walifanya sawa. Angekuwa bado haongei vizuri, au hatetemeki, ningesema wabaki chini ya turubai na wanakijiji wawakute hapo, hata ikifika saa 4 usiku, kisha ashushwe kwa machela ya miti na mablanketi. Ndiyo maana kuwatuma wale watatu na kijana mapema, wakati bado kuna mwanga, kuliwapa nafasi ya kuchagua. Wangengoja hadi wajue kama Dada atapona ndipo watume watu, wanaoshuka wangeshuka gizani na tochi moja, na kijiji kingepata habari watu wameshalala.

Mzee siku hizi anakagua mabegi kabla ya kuanza kupanda. Asiye na plastiki anarudishwa dukani, na turubai inabaki na kundi linalokaa.